Baada ya upasuaji wa titi, mama avae sidiria gani?

Mama anaporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, huondoka na mambo mengi ya kukumbuka. Kuna tarehe ya kurudi kliniki, dawa za maumivu, maelekezo ya kutunza kidonda na majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Swali moja mara nyingi halimo kwenye karatasi anayopewa: kesho asubuhi avae nini kifuani?

Kwa anayelitazama kwa mbali swali hilo ni dogo ukilinganisha na ugonjwa wenyewe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sidiria ya zamani yenye waya hukandamiza kovu, mkanda wake hukata chini ya kwapa, na upande usio na titi hubaki mtupu na kupanda hadi shingoni. Mama akiacha kuivaa, titi lililobaki huvuta upande mmoja na bega huanza kuuma. Wengine huamua kujifungia ndani, wakaacha ibada, vikao vya harusi na hata biashara, kwa sababu tu hawana nguo ya ndani inayowakaa vizuri.

Wanaohusika si wachache. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti na watu 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania, saratani hiyo ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa, hivyo kuondolewa titi lote ni jambo la kawaida zaidi hapa kuliko katika nchi ambako uvimbe hugundulika mapema na kukatwa peke yake.

Habari njema ni kwamba sidiria inayofaa si lazima iwe ya bei kubwa wala itoke nje ya nchi. Kinachotakiwa ni kujua kifua kinahitaji nini katika kila hatua ya kupona, kisha kuchagua, kurekebisha au kushonesha.

Wiki za mwanzo

Siku za kwanza kifua huwa na kidonda, bandeji na mara nyingi mrija mmoja au miwili inayotoa majimaji kwenda kwenye chupa au mfuko mdogo. Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji hauinuki vizuri, hasa kama tezi za kwapani nazo zimeondolewa.

Katika kipindi hiki nguo inayofaa ni ile inayofunguka mbele. Blauzi ya vifungo, dera lenye zipu au gauni pana la pamba humwezesha mama kuvaa bila kupitisha nguo kichwani. Kanuni ya kuvaa ni rahisi: mkono wenye maumivu unatangulia kuingia, na wakati wa kuvua unakuwa wa mwisho kutoka.

Kuhusu sidiria, jambo la kwanza ni kumuuliza daktari au muuguzi. Madaktari wengine hutaka mgonjwa avae sidiria laini mapema ili kifua kitulie na uvimbe upungue, na wengine hutaka kidonda kipumue kwanza. Akiruhusiwa, achague ya pamba, isiyo na waya, yenye vifungo mbele, mikanda mipana mabegani na mkanda mpana chini ya matiti. Ndani kusiwe na lesi wala mshono mnene unaopita juu ya kidonda.

Sidiria za namna hiyo zipo madukani, ila wengi huzipita kwa kuziona ni za bibi au za mzazi. Zile za pamba zenye vifungo vya kubana mbele, zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya nguo za kina mama, zinafaa sana. Baadhi ya sidiria za kunyonyeshea nazo zinafaa kwa sababu ni laini, hazina waya na zimetengenezwa kwa ajili ya kifua kinachobadilika ukubwa. Mama achague inayofungwa mbele, maana nyingi kati ya hizo bado zina kulabu mgongoni.

Chupa ya mrija isiachwe ikining'inia, kwa kuwa uzito wake huvuta ngozi na kuleta maumivu. Fundi au ndugu anayejua kushika sindano anaweza kushona kimfuko cha khanga chenye kamba ya kuvaa shingoni au kiunoni, chupa ikakaa humo chini ya nguo. Wengine huibana kwenye pindo la nguo kwa pini ya nepi, na hilo nalo ni sawa mradi pini isiguse mrija.

Wapo wasioweza kuvumilia sidiria yoyote kwa wiki kadhaa. Singlendi ya pamba ya mume au ya kijana wa nyumbani, iliyo kubwa kidogo, inatosha kwa kukaa nyumbani. Wakati wa kulala, mto mdogo uliowekwa kwapani huzuia mkono kugandamiza kidonda.

Wakati wa mionzi

Baadhi ya wagonjwa huendelea na tiba ya mionzi, ambayo kwa hapa nchini hutolewa katika vituo vichache kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Ngozi ya sehemu inayopigwa mionzi huweza kuwa nyeusi, kavu, yenye kuwasha na wakati mwingine ikachubuka. Mkunjo chini ya titi na kwapani ndiko huathirika zaidi, na huko ndiko mikanda ya sidiria hupita.

Wakati huu sidiria ya kubana iwekwe kando. Nguo ya pamba iliyolegea, iliyofuliwa kwa sabuni isiyo na manukato makali na kusuuzwa vizuri, ndiyo inayofaa. Mgonjwa aulize kwanza kabla ya kupaka poda, manukato au mafuta yoyote kwenye sehemu hiyo. Kama wataalamu wamemchora alama kifuani kwa wino, asizisugue anapooga. Wino huo huchafua nguo, hivyo ni vyema kuvaa ya zamani au yenye rangi ya giza hadi tiba iishe.

Kwa mwenye matiti makubwa, kukaa bila sidiria nako ni mateso, kwa sababu ngozi husuguana na jasho hujikusanya. Kitambaa laini cha pamba kilichokunjwa na kuwekwa chini ya titi husaidia kunyonya jasho. Kibadilishwe kila kinapolowa.

Pima upya, namba ya zamani imepitwa

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua sidiria kwa namba waliyoizoea kabla ya ugonjwa. Upasuaji hubadilisha kifua. Uvimbe hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, na dawa za saratani huweza kumfanya mtu anenepe au apungue. Kwa sababu hiyo, katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo inatosha kununua sidiria moja au mbili za kubadilisha. Nyingine zisubiri mwili utulie.

Kupima kunaweza kufanyika nyumbani kwa futi kamba ya fundi cherehani. Mama asimame wima, apumue kawaida, kisha kamba izunguke kifua chini kabisa ya matiti, ikiwa imenyooka mbele na nyuma bila kukaza. Inchi zinazopatikana ndizo hutoa namba ya mkanda, kama 34, 36 au 38. Sidiria nyingi za madukani huandikwa namba mbili: 34 huenda na 75, 36 na 80, 38 na 85, na 40 na 90.

Herufi ya kikombe ndiyo hutatiza aliyeondolewa titi moja, kwa kuwa kamba ikizunguka kifua kizima haitoi jibu sahihi. Hapa kuna njia ya mkato. Pima nusu tu: anzia katikati ya uti wa mgongo, pitisha kamba juu ya titi lililobaki mahali lilipojaa zaidi, ishie katikati ya mfupa wa kifua. Zidisha mara mbili, kisha toa namba ya mkanda. Tofauti ya inchi 1 ni kikombe A, inchi 2 ni B, inchi 3 ni C na inchi 4 ni D. Kwa mfano, mwenye mkanda wa 36 aliyepata nusu ya inchi 19 na nusu, akizidisha atapata 39. Tofauti ni inchi 3, hivyo aanze kujaribu 36C.

Namba ni mwanzo tu, kwa sababu viwanda hutofautiana. Sidiria ijaribiwe mwilini, ikiwezekana pamoja na kile kitakachowekwa ndani yake. Mambo ya kuangalia ni haya:

Mkanda wa chini ulale usawa mmoja mbele na mgongoni. Ukipanda mgongoni, ni mkubwa mno. Vidole viwili viweze kupita chini yake bila shida.

Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za mwisho, zile zinazolegeza zaidi. Lastiki ikianza kuchoka, mama atahamia kulabu za ndani.

Mikanda ya mabegani isiache mfereji kwenye ngozi. Kazi ya kubeba uzito ni ya mkanda wa chini. Mabega yakikatwa, ni dalili kwamba mkanda huo umelegea au kikombe ni kidogo.

Sehemu ya kwapani iwe ya juu kiasi cha kufunika kovu na kushika nyama zilizobaki ubavuni, bila kuchoma.

Mwisho, mama ainue mikono, ainame kama anayedeki, akae, na ajigeuze kulia na kushoto. Sidiria ikihama, haifai hata kama ni nzuri ya kutazama.

Kama ile aliyonayo inambana kidogo tu, si lazima aitupe. Maduka ya vifaa vya ushonaji huuza vipande vya kulabu vya kuongezea urefu mgongoni. Kipande kimoja huongeza nafasi ya kutosha wakati uvimbe bado haujaisha.

Tahadhari na mitumba

Kwa bajeti iliyokwishaliwa na nauli za hospitali, vipimo na dawa, macho ya wengi huelekea kwenye mitumba. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, kwa sababu za kiafya. Hata hivyo, bado zinaonekana zikiuzwa katika baadhi ya masoko na minada.

Kwa aliyetoka kwenye upasuaji, hatari ni kubwa zaidi. Ngozi yake ina kidonda kipya au imedhoofishwa na mionzi, na dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili. Nguo iliyovaliwa na mtu mwingine, ikakaa kwenye robota miezi kadhaa, inaweza kumletea fangasi au maambukizi mengine. Jambo la pili ni lastiki: sidiria iliyotumika imeshalegea, hata kama kitambaa chake bado kinang'aa. Haitamshika.

Ni afadhali sidiria mbili mpya za bei ya kawaida, zikafuliwa kwa zamu, kuliko sita za mtumba. Na hata mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Fundi cherehani anaweza kusaidia

Sidiria maalumu kwa waliofanyiwa upasuaji huwa na mfuko ndani ya kikombe, ambamo titi bandia hukaa bila kuteleza. Kwetu sidiria hizo ni adimu, lakini mfuko wenyewe ni kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote makini.

Kinachohitajika ni sidiria nzuri isiyo na waya na kipande cha fulana safi ya pamba. Fulana ifuliwe kwanza ili isije ikanywea baadaye. Fundi achore umbo la kikombe kwenye karatasi, aongeze upana wa kidole kuzunguka, akate kitambaa, kisha akishone ndani ya kikombe kwa chini, juu na upande wa katikati ya kifua. Upande wa kwapani uachwe wazi ili titi bandia lipite. Mshono ukae pembezoni, usipite juu ya kovu.

Aliyeondolewa uvimbe tu, titi likabaki dogo kuliko mwenzake, anaweza asihitaji titi bandia kabisa. Kipande chembamba cha sponji ndani ya mfuko huo kinatosha kusawazisha pande mbili.

Mama akiona haya kumweleza fundi, anaweza kumtuma dada au shoga yake na sidiria pamoja na mchoro. Mafundi wengi wamezoea kupunguza na kuongeza nguo za wateja, na maelezo mafupi yanatosha: "Nataka mfuko wa pamba ndani ya kikombe, upande huu uwe wazi."

Titi bandia: la kununua, la kufuma au la kushona

Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza ni jepesi, la kitambaa au uzi, linalovaliwa wiki za mwanzo kidonda kikiendelea kupona. Ya pili ni la silikoni, lenye uzito unaokaribia wa titi halisi. Hili kwa kawaida husubiri wiki sita hadi nane baada ya upasuaji, au hadi ngozi ipone baada ya mionzi, na kwa idhini ya daktari.

Uzito una faida yake. Husaidia sidiria isipande, na hulingana na titi lililobaki ili mabega yakae sawa. Mwenye matiti madogo huenda asione tofauti kubwa, lakini mwenye matiti makubwa huisikia mgongoni. Kwa upande mwingine, silikoni ina bei kubwa, na katika joto la pwani hutoa jasho jingi. Ndiyo maana mfuko wa pamba ni muhimu, ili silikoni isigusane na ngozi moja kwa moja. Ioshwe kwa mkono kila siku kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa taulo na kuhifadhiwa kwenye boksi lake. Isiachwe juani, na iwekwe mbali na pini, bruchi na kucha za paka.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu inayoenea Afrika Mashariki: matiti ya kufuma kwa uzi wa pamba. Ramani za kuyafuma hutolewa bure mtandaoni na kundi la Knitted Knockers la Marekani, na nchini Kenya na Rwanda wapo manusura wa saratani wanaokaa pamoja na kuyafuma kwa ajili ya wenzao. Anayejua kufuma masweta ya watoto anaweza kulifuma moja kwa siku chache. Uzi uwe wa pamba, kwa sababu sufu huwasha.

Asiyejua kufuma ashone. Kikombe cha sidiria upande wenye titi ndicho kipimo. Vipande viwili vya pamba hukatwa kwa umbo hilo, cha mbele kikiwa na mkunjo ili kijae na cha nyuma kikiwa bapa, kisha hujazwa pamba ya mito au sufi. Ili lipate uzito, kimfuko kidogo cha shanga za kioo zilizooshwa huwekwa upande wa chini, kikizungukwa na pamba pande zote ili shanga zisisikike kwenye ngozi. Shanga ziongezwe kidogo kidogo mbele ya kioo hadi mabega yawe sawa. Wapo wanaotumia mchele au mtama, lakini nafaka hunyonya jasho, huvunda na kuita wadudu. Yafaa pia kuacha tundu la kufunga kwa kifungo ili vya ndani vitolewe nguo inapofuliwa.

Kabla ya kutoka nalo nje, mama alijaribu katika shughuli zake halisi. Mwenye kuswali asujudu nalo. Mwenye kufua au kukuna nazi ainame nalo. Mwenye kupanda daladala ainue mkono kama anayeshika bomba. Likisogea, mfuko urekebishwe au ashonewe nguo yenye shingo ya juu zaidi.

Asiyetaka titi bandia

Si kila mwanamke anataka kujaza upande uliobaki wazi, na hakuna ulazima wa kiafya unaomlazimu kila mmoja kufanya hivyo. Wapo wanaochagua kubaki bapa, hasa walioondolewa matiti yote mawili au waliokuwa na matiti madogo. Kwao, singlendi ya pamba au sidiria ya mazoezi isiyobana inatosha. Vitenge vyenye maua makubwa, blauzi zenye mikunjo kifuani, mtandio au khanga begani husaidia kwa asiyependa macho ya watu.

Wapo pia wanaovaa titi bandia kwenda kazini na kulivua wakifika nyumbani. Uamuzi ni wa mwenye mwili. Ndugu na mashoga wamwachie nafasi hiyo, bila kumwambia kwamba akivaa anaficha au asipovaa amekata tamaa.

Mume na watoto

Mabadiliko ya kifua hayabaki siri ndani ya nyumba. Mume anaweza kusaidia kwa mambo ya kawaida kabisa: kufunga kulabu mgongoni bila kuombwa mara mbili, kubeba ndoo za maji, kumsindikiza dukani au kwa fundi, na kutenga fedha ya sidiria mbili kama anavyotenga ya dawa. Mama asiyeweza kufikia mgongoni na hana wa kumsaidia afunge kulabu mbele usawa wa kiuno, azungushe sidiria, kisha aingize kwanza mkono wenye maumivu kwenye mkanda wa bega.

Watoto wadogo wamezoea kurukia kifua cha mama. Waelezwe kwa maneno yanayolingana na umri wao: mama alikuwa na ugonjwa kwenye titi, madaktari wameliondoa, hapa panauma lakini upande huu mnaweza kunikumbatia. Mtoto mdogo akilikuta titi bandia na kuligeuza mdoli, asipigwe wala kukemewa. Aambiwe ni kifaa cha mama kama miwani ya babu, na mahali pake ni kabatini.

Mabinti wakubwa huwa na hofu nyingine wasiyoisema, kwamba nao wataugua. Ukweli ni kwamba sehemu ndogo tu ya saratani za matiti, takriban asilimia 5 hadi 10, hutokana na kasoro ya vinasaba ya kurithi. Hata hivyo, familia yenye wagonjwa zaidi ya mmoja, au mgonjwa aliyeugua akiwa na umri mdogo, izungumze na daktari kuhusu uchunguzi.

Dalili za kutopuuza

Sidiria isiyofaa inaweza kuleta madhara, na pia inaweza kuficha tatizo linaloanza. Walioondolewa tezi za kwapani au kupigwa mionzi sehemu hiyo wako katika hatari ya mkono kuvimba kwa sababu maji ya mwili hayapiti vizuri. Uvimbe huo unaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya matibabu. Dalili za mwanzo ni mkono kuwa mzito, pete, saa au bangili kubana, na mikanda ya sidiria kuacha alama ndefu zisizoondoka. Ukitibiwa mapema unadhibitika vizuri zaidi. Mikanda mipana na sidiria isiyokata kwapani husaidia, pamoja na mazoezi ya mkono yanayoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mgonjwa arudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki iwapo kidonda kimekuwa chekundu au cha moto, kinatoa usaha au harufu, ana homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, kifua au mkono umevimba ghafla, au anapumua kwa shida. Vivyo hivyo kwa uvimbe mpya, kipele kisichopona kwenye kovu, au mabadiliko yoyote ya titi lililobaki. Wakati wa kuvaa na kuvua sidiria ndio wakati mzuri wa kujitazama na kujigusa.

Uimara wa sidiria nao una mwisho. Ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe kwa kusokotwa, ianikwe kivulini ili lastiki isiungue na jua. Ikianza kupanda mgongoni hata kwenye kulabu za ndani kabisa, imemaliza kazi yake.

Kwa ndugu anayejiuliza apeleke nini kwa mgonjwa aliyetoka hospitali, mbali na matunda na maziwa, jibu linaweza kuwa hili: sidiria mbili mpya za pamba zenye vifungo mbele, kimfuko cha khanga cha kubebea chupa ya mrija, na mto mdogo wa kuweka kwapani. Amuulize kwanza namba ya mkanda, kwa sauti ya chini, wageni wakiwa wameondoka.